Nasema "Nimepokea" Huku Sijapokea

Mpendwa mshauri,

Ninakuandikia kuomba msaada wa kuamua jambo moja kabla ya Jumatatu ijayo: je, niende kwa sista msimamizi wa wodi nimweleze kwamba siiwezi kazi niliyopangiwa, au nizime simu na nisionekane tena hospitalini pale? Uniwie radhi kwa urefu wa maelezo yangu, kwani nimejaribu kuyafupisha, na kila nikifupisha naona ninajificha.

Mimi ni muuguzi mpya, niliyehitimu nikiwa wa kwanza katika darasa langu, na nilipopangiwa wodi ya wanawake niliingia nikiwa nimejiandaa kikamilifu, sare imepigwa pasi, kalamu za akiba mfukoni, na nia thabiti ya kuonyesha kwamba masomo yangu hayakuwa bure. Lakini tangu wiki ya kwanza nimekuwa mtu wa hofu, nikioga nasikia kengele ya mgonjwa, nikiosha vyombo nasikia kengele ya mgonjwa, na kabla ya kila zamu husimama chooni nimeegemea ukuta nikahesabu mpaka mia, kisha hutoka nikitabasamu. Nyumbani baba ananiita "nesi wetu" hata mbele ya fundi bomba, na mama jirani hunidaka mlangoni akiwa ameshakunja mkono wa gauni ili nimpime presha kabla sijavua viatu, kwa hiyo sioni ninayeweza kumwambia kwamba nesi wao anatetemeka.

Chanzo cha hofu hii ni jambo dogo ambalo nimeliacha likawa kubwa. Katika wodi yetu zamu hukabidhiwa kwa mdomo, kitanda kwa kitanda: anayetoka hueleza hali ya mgonjwa, kisha huuliza, "Umepokea?", na anayeingia akishajibu "Nimepokea", mgonjwa huyo ni wake, na lolote litakalompata liko mikononi mwake. Anayenikabidhi mara nyingi ni dada mmoja mfupi tunayemwita Chapchap, mwenye roho nzuri, ambaye ndiye aliyenifundisha kutafuta mshipa wa mzee bila kumuumiza, ila huongea kama mtu anayefukuzwa. Siku yangu ya kwanza nilimwomba arudie maelezo ya mgonjwa wa pili, naye akasema kwa utani, "Haya, Profesa, huko chuoni walikupa cheti wakasahau kukupa masikio?" Wenzetu wakacheka, wagonjwa waliokuwa macho wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, na tangu siku hiyo jina la Profesa limenikaa na sijauliza swali tena.

Wiki iliyopita, asubuhi, Chapchap alikuwa akikabidhi huku ameshavaa mkoba begani, kwani mwanawe alikuwa na homa nyumbani, na tulipofika kwa bibi mmoja mwenye kisukari nilisikia neno "sindano" na neno "sukari", lakini sikusikia kama bibi ameshachomwa au bado. "Umepokea, Profesa?" Nikasema nimepokea. Alipoondoka nilitazama karatasi ya dawa, nikakuta sindano ya asubuhi haijatiwa saini. Nikapima sukari ya bibi, nikakuta bado iko juu. Nikajiridhisha kwamba hajachomwa, ingawa ndani yangu nilijua kwamba sijui. Nilimuuliza bibi mwenyewe, naye akanijibu nusu usingizini, "Mjukuu wangu, mimi hapa nachomwa mpaka nimesahau, we choma tu." Nikavuta dawa, nikashika ngozi ya tumbo lake, na sindano ilikuwa imeshaelekezwa pale mkwewe, aliyekuja na chupa ya chai, aliponiuliza kwa upole:

"Nesi, siku hizi sindano za asubuhi ni mbili?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Si dada yule mfupi kamchoma sasa hivi. Mimi nilikuwa hapo mlangoni nasubiri niruhusiwe kuingia."

Nikajibu kwamba nilikuwa nakagua tu, nikaitupa sindano kwenye boksi lake, nikashika ukingo wa kitanda kama ninayenyoosha shuka. Mkwe akasema, "Pole na kazi, dada." Mshauri, ninajua vizuri sindano ya pili ingemfanya nini bibi yule, niliwahi kuandika insha juu ya jambo hilo hilo na nikapata alama za juu.

Hakuna aliyejua, na huenda ningejilazimisha kusahau, lakini juzi sista alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Mnamwona huyu? Ukimwambia kitu mara moja kimekaa. Hajawahi kunisumbua na swali hata moja. Jumatatu anashika zamu ya usiku mwenyewe, na mhudumu mmoja wa kumsaidia." Walinipigia makofi, na Chapchap alipiga kuliko wote. Nikisema ukweli sasa nitamvunja moyo sista na kuzima ndoto ya baba, tena nitakuwa nimemchongea Chapchap, ambaye ndiye hakutia saini, na ambaye ameshapewa onyo moja kwa kosa jingine. Nikinyamaza, kuna wodi nzima ya wanawake watakaolala wakiamini kwamba nesi wa zamu ameelewa alichoambiwa. Nimepiga hesabu zote hizi nikiwa macho, na kila njia naona inaniishia kwenye kitanda cha bibi yule.

Naomba mwongozo wako, kwa heshima na kwa haraka.

Wako mtiifu,
Muuguzi Mpya


Binti yangu,

Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu, kwa ajili ya hiyo Jumatatu.

Pole. Nakupa pole ya kweli, maana umebeba mzigo huu peke yako huku nyumba nzima ikikushangilia. Wala sitakuambia uache kuogopa. Ulishika sindano ambayo ingeweza kumuua mtu. Ungeniandikia kwamba unalala fofofo, mimi ndiye ningekesha.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Hukuogopa kazi, uliogopa kuchekwa. Kicheko cha Chapchap kilikwisha kabla hamjafika kitanda cha tatu, wewe umekibeba mpaka leo, na kwa sababu yake ukaona heri ubahatishe kwenye tumbo la bibi wa watu. Umenieleza kwamba ulikuwa wa kwanza darasani na kwamba insha yako ilipata alama za juu. Nakupongeza. Bibi yule hakukuuliza ulikuwa wa ngapi. Alikuamini akakuambia choma tu, na aliyemwokoa ni mkwe wake aliyeuliza swali ambalo ulipaswa kuliuliza wewe.

Habari ya kuzima simu ifute kabisa kichwani. Ukitoweka Jumatatu usiku, wale wanawake watabaki na mhudumu mmoja anayekimbia huku na huko, na utakuwa umewafanyia kwa makusudi kile ambacho nusura uwafanyie kwa bahati mbaya. Kama baadaye utaona uuguzi si kazi yako, utaaga mchana kweupe kama watu wengine.

Sifa aliyokupa sista nayo irudishe. Amekusifia kuelewa upesi, kumbe alichokiona ni kunyamaza. Yeye amepanga zamu akitegemea kitu ambacho hakipo, na mtu mwenye haki ya kwanza ya kuambiwa hivyo ni yeye, si mimi wa gazetini.

Kuhusu Chapchap, nimekuelewa, na nimependa kwamba unamwonea huruma. Lakini nafasi ile isiyo na saini bado ipo, binti yangu. Kesho itatazamwa na mgeni mwingine kama wewe, na huenda siku hiyo mkwe wa mtu asiwe mlangoni. Kusema kilichotokea, ukianza na sehemu yako, si kuchongea. Kuchongea ni yeye kuyasikia kwa sista kabla ya kuyasikia kwako. Kwa hiyo leo hii mtafute, ana kwa ana, usimtumie ujumbe wa simu, mkiwa mbali na masikio ya wagonjwa, umwambie: "Dada, siku ile mwanao alipokuwa na homa ilibaki kidogo nimchome bibi mara ya pili. Sikukusikia vizuri nikasema nimepokea. Kesho namwambia sista, na nimeona uanze kujua wewe." Atanuna. Mwache anune. Amekufundisha kutafuta mshipa; mwache naye ajifunze kusubiri dakika moja atie saini, hata kama mkoba uko begani.

Kwa sista usiende na maneno makubwa. Barua yako imejaa "kikamilifu" na "nia thabiti"; hayo yaache nyumbani pamoja na cheti. Sema hivi: "Sista, nilikaribia kumpa mgonjwa sindano ya sukari mara mbili kwa sababu nilisema nimepokea kabla ya kuelewa. Siko tayari kushika usiku peke yangu. Naomba nipangwe na mkubwa kwanza, na naomba tukikabidhiana karatasi ya dawa iwe mkononi mwetu sote wawili." Kisha nyamaza, umsikilize. Akikuuliza jambo usilolijua, jibu hujui.

Kwenye kukabidhiana zamu, kuanzia inayofuata, ukiulizwa kama umepokea na hukusikia, sema, "Bado, dada, nirudie." Utaitwa Profesa. Itika, kisha simama hapo hapo kitandani mpaka urudiwe.

Baba yako mwambie mwenyewe, jioni, baada ya sista, kabla hajaipata habari kwa fundi bomba. Na mama jirani mwambie presha utampima ukishavua viatu.

Siwezi kukuahidi kwamba sista hatakasirika. Anaweza kukuandikia onyo, anaweza kukuondoa kwenye wodi hiyo, na anaweza kuwa mtu wa kukwambia asante. Simjui. Najua tu kwamba lolote atakalolifanya litamkuta bibi yule mzima, na wewe ukiwa unajulikana ulivyo. Utatetemeka. Tetemeka huku unasema.

Leo ni Alhamisi. Kabla hujalikunja gazeti hili, piga simu wodini uombe kuonana naye. Usiseme "ukipata nafasi", kwa maana msimamizi wa wodi hapati nafasi, na nadhani unalijua hilo ndiyo maana ungependa kusema hivyo. Taja siku na utaje saa, zamu ya asubuhi ikishakabidhi na korido ikishatulia: kesho Ijumaa, saa nane na nusu mchana, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa.