Mama mukwe analalisha pano ya jua ku mafiga

Mama Anastasie mushauri, nakusalimia kwa heshima, nisaidie juu roho yangu haitulie. Mimi ni Mukamurenzi, mukunga mu maternite moja ya milima ya Masisi, na tangu vita ilifunga njia ya Sake esanse ya jenereta haikufika tena, tulikuwa tunazalisha na mwanga wa telefone, mpaka Papa Valentin, mwalimu wa universite, akatuletea na pikipiki pano ya jua, ile bao inakamata jua muchana na kujaza batri ya taa ya usiku, ya namna mpya, nyepesi, wanaiita perovskite, akasema iko ya kujaribu, joto ya muchana na baridi ya usiku njo vinaiua, juu ile rangi nyeusi ya ndani inavimba na kurudi mpaka inabanduka, sasa wameweka gundi yenye kuvutika ili ishike, na sisi tuiache inje muchana na usiku aone kama inashika kweli.

Mama, ile mwanga njo iliokoa mutoto wangu mwenyewe. Alizaliwa bila kulia, mwenzangu Thacienne akaona vile koo imeziba, akamusafisha, mutoto akalia. Nashukuru Mungu na Papa Valentin kila siku.

Sasa juzi alfajiri, jogoo haijawika, naingia kwa mama mukwe, nyumba yake iko kando ya maternite, kuomba kaa la moto, nakuta kitu imefungwa mu blanketi kando ya mafiga, nikazani ni mutoto, nikainama nimubebe, kumbe ni pano. Akaniambia polepole, "Usiitikise. Kitu yenye iliokoa mujukuu wangu haiwezi kulala inje sawa mbwa." Kumbe kila magaribi anaitosha inje na kuiingiza ndani, jogoo ikiwika anairudisha inje. Na ile jana Papa Valentin akapiga simu na furaha, pano yetu inaishi kupita zingine zote zenye wanajaribu na gundi ingine, gundi yetu imeshinda, wanataka kutuma zile zile ku maternite zote za milima. Nikanyamaza. Mama mukwe hata jina yake siitaje, desturi yetu unaijua, nitamukatalia namna gani mbele ya mugeni, na kama watu wa universite wakikasirika wachukue pano? Bwana yangu Evode, mwenye angeweza kusema na mama yake, iko Hombo, njia imefungwa, na Papa Valentin anakuja juma hii. Nifanye nini?

*

Mukamurenzi, mwanangu, pole, na hongera ya mutoto. Umenichekesha na ile blanketi, sikufiche. Umebarikiwa mama mukwe, kuna wenye wanatafuta wa namna hiyo hawamupate.

Lakini kunyamaza kwako hakukunichekesha. Unaogopa haya ya nyumba moja, na wanawake wa milima ingine je? Watapewa pano yenye gundi yake haijalala baridi hata siku moja. Itabanduka, na mutoto wa mwenzako atazaliwa mu giza na koo imeziba. Wewe mukunga, hiyo unaijua kuliko mimi.

Desturi inakukataza kumukaripia mama mukwe. Haikatazi mugeni kumuuliza. Leo, usingoje kesho, umupigie Papa Valentin, umuambie asitume kitu kwanza, na akifika aulize kwa heshima, "Mama, hii kitu munaichunga namna gani?" Kisha umuachie mama kiti aseme yeye. Atamuelezea yote na kiburi chake chote, na hakuna mwenye ataaibika. Muntu wa universite akisikia hivyo hatakasirika, atajua kwa nini pano yenu iliishi na zingine zikakufa, na hiyo ni habari kubwa kwake. Umuombe pano ya pili, moja ilale inje, moja ibakie kwa mama mukwe. Kama iko moja tu, ilale inje, na wewe utunze telefone yenye chaji kando ya kitanda cha kuzalia, juu ile pano inaweza kufa.

Na mama mukwe akilia juu ya baridi ya pano yake, umupe mujukuu amubebe. Umuambie ule mama hivi, Papa Valentin alituletea mwanga, na sisi hatuna kitu ya kumurudishia isipokuwa ukweli wa mahali kitu yake inaharibikia. Ataelewa. Yeye njo alikufundisha kushukuru.