Paa la pikapu na shingo ya baba

Mjukuu wangu Mugisha,

Huku Nshamba tu wazima, kahawa tumeianika, na bibi yako anakusalimu. Umeuliza kama nitakasirika ukija Krismasi kukata paa la pikapu yangu na kulishusha, ili iwe fupi kama za vijana wenzako wa Mwanza. Nimeshakasirika.

Kaka yangu alikata paa la pikapu yake hivyo hivyo, akajisifu mtaa mzima. Kisha tukamkalisha baba kiti cha mbele, kibuyu cha pombe ya rubisi mapajani, tukaenda Izimbya kuniposea. Baba alikuwa mrefu. Alifika shingo imekakamaa, akashuka ameinama.

Mjomba wa binti akamtazama. "Mzee, umekuja kuposa au kuomba msamaha?"

Uani wote wakacheka. Baba, ambaye hakuwahi kumwinamia mtu, aliniposea mke akizungumza na miguu ya watu. Kurudi alikataa kupanda, akasubiri basi la kesho yake. Kaka sijamsamehe mpaka leo.

Binti yule ndiye bibi yako, na kila Jumapili kiti cha mbele ni chake. Njoo na grenda yako ya kukatia chuma. Mkalishe kwanza na kilemba chake cha kanisani, halafu ukate kitakachobaki juu yake.

Ni mimi babu yako, bado nimenuna.