Ufunguo wa Dereva wa Malaba

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Nambale tuko salama. Mahindi yameanza kubeba, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza utafundishaje saikolojia ya kazi huko ulipo, ilhali wewe mwenyewe hujaamini kwamba watu hufanya kazi bila kusimamiwa. Hata mimi sikuamini, mpaka nilipokwenda Malaba, kwenye mpaka wa Uganda, kwa utafiti wangu wa kwanza.

Foleni ya malori ilikuwa ndefu. Dereva niliyekuwa nikimhoji akanitupia ufunguo wake.

"Dada, shikilia hii. Foleni ikisonga, patia huyo jamaa wa nyuma asongeshe gari yangu. Mimi naenda kuoga."

"Na ukiibiwa?"

"Na nani? Si wewe ndio uko nayo?"

Akaenda, taulo begani. Hata jina langu hakulijua. Nilikuwa na njaa, Nekesa, na chapati zilinukia upande wa pili wa barabara, lakini sikubanduka pale. Hakuna aliyekuwa akinisimamia.

Maisha yangu yote chuoni nimefundisha ufunguo ule. Sasa shikilia wewe.

Kukhu wako, mama wa mama yako