Nimekutana na Baba Mkwe Nyuma ya Pazia la Mgahawa

Mpendwa Shangazi Benigna,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke mpaka ufike mwisho, maana hapa nyumbani hakuna anayecheka, na Noeli ikifika kabla sijapata neno la kusema nitarudishwa kwetu na sanduku langu kichwani.

Mimi ni mtoto wa Bukoba mjini, nimezaliwa na kukulia Rwamishenye, marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anatuteremsha kwa miguu mpaka ziwani, tunapita kwenye yale majumba ya Wajerumani, tunavuka mto Kanoni, tunakwenda kukaa kwenye nyasi kando ya kiwanja cha ndege kungojea ndege itue, na ndege isipokuja tunaangalia mitumbwi inayotoka kisiwa cha Musira na kurudi tukiwa tumeridhika vilevile, halafu lazima tupite kwa Bi Mastura, pale karibu na soko, kunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi ya iliki, na huyo Bi Mastura ndiye aliyenipa senene wa kwanza maishani mwangu, alinificha nyuma ya pazia ili baba asione, kwa sababu wewe Shangazi ni wa hukuhuku unajua, mwanamke wa Kihaya senene anawakamata yeye majanini kama panzi wengine, anawanyonyoa mabawa yeye, anawakaanga yeye, anawafunga kwenye jani la mgomba anawapelekea wanaume, yeye mwenyewe ni mwiko kuwaonja, analamba kidole.

Sasa niliolewa Nshamba na Clavery, na Clavery ni mtu mzuri sina neno naye, kibanja chetu kina migomba iliyonona na kahawa inazaa, lakini Shangazi mtu akishaujua mji hata akipewa shamba lote la Muleba kuna siku moyo unadai, na siku moyo ukidai mimi huaga kwamba nakwenda kumwona mama yangu Rwamishenye, na kweli namwona, ila kabla ya mama naanza na ziwa, na nikitoka ziwani naingia kwa Bi Mastura, na nikiingia sikai mbele kama wachukuzi wa sokoni, napitiliza nyuma ya pazia.

Nikueleze hilo pazia. Bi Mastura ana chumba cha nyuma cha watu wa heshima, kina meza moja na mabenchi mawili, kwa sababu mtu wa kwetu mwenye nyumba yake na mji wake akionekana anakula hotelini watu watasema kwake hapikiwi, basi wale wote wanaojiheshimu lakini wana njaa wanapita nyuma, na utaratibu wa mle ndani ni kwamba husalimii mtu, humwangalii mtu, kila mmoja anaangalia sahani yake, anakula, anafuta mdomo, anatoka kupitia uani kama vile alikwenda kuomba maji.

Baba mkwe wangu ni Mzee Karugendo, balozi wetu wa nyumba kumi, na kwenye mikutano ya kijiji ndiye anayesimama kusema kwamba watu wanaokwenda mjini kukalia viti vya hoteli wakati wenzao wameinama kwenye shamba la ujamaa ni kupe, na watu wanapiga makofi, hata mimi nimepiga. Tena ni mtu wa desturi kabisa. Chakula chake namwekea chumbani, nafunika na jani, natoka, anafunga mlango ndipo anakula, na tangu niolewe sijawahi kumwona akitafuna hata mara moja, maana mkwe kumwona baba mkwe akila ni mwiko. Mama mkwe, jina lake Ephrasia, sikumkuta, alifariki kabla ya harusi yetu na hapa nyumbani hatajwi sana.

Basi mwezi uliopita senene walipoanguka nikashindwa kujizuia, nikaaga nakwenda kwa mama. Mzee alikuwa ameondoka siku iliyotangulia akisema ana mkutano wa wakulima wa kahawa Muleba. Nikapanda basi la alfajiri, nikaliona ziwa, nikaenda kwa Bi Mastura, nikapewa sahani imejaa senene wa moto na chumvi yao, nikavuta kitenge kichwani nikaanza kazi, mara nikasikia mtu ameingia akakaa benchi la mbele yangu, nami nikaangalia sahani yangu kama utaratibu unavyotaka, kisha nikasikia, “Bi Mastura, niletee kama kawaida,” na Shangazi, sauti hiyo ndiyo inayonijibu salamu kila asubuhi.

Nikainua macho, naye akainua. Mashavu yangu yamevimba kwa senene. Adabu inataka mkwe apige magoti asalimie, nikapiga magoti palepale kati ya benchi na meza, kidevu kikagonga meza, na salamu ikakataa kutoka kwa sababu njia ilikuwa imejaa, nikabaki namkodolea macho kama ng'ombe anayecheua, naye akaniangalia mimi, akaangalia sahani, akaangalia benchi nililokuwa nimekalia, midomo ikamtetemeka kwa hasira, akachukua kofia yake akatoka. Bi Mastura akaja na pilau mkononi akauliza, “Karugendo kaenda wapi? Huyu hajaniachia pilau hata siku moja, tangu enzi anakuja na marehemu mkewe wakishauza kahawa, mama anakaa hapo ulipokaa wewe na senene wake, kajifunika kitenge vilevile, mzee anashikilia pazia watu wasije wakamwona,” lakini hilo si jambo langu Shangazi, jambo langu ni kwamba tulirudi kwa basi moja, yeye mbele kwa dereva mimi nyuma na kuku wa watu, akateremka kabla ya kituo chetu akamalizia kwa miguu.

Tangu siku hiyo mzee hali. Nimempikia ndizi na maharage, nimempikia ndizi na samaki, nimechinja kuku, sahani inarudi imebonyezwabonyezwa tu, anasema ameshiba. Salamu yangu anaipokea akiangalia migomba. Majirani wameanza, mke wa Rugaibula aliniuliza kisimani kama siku hizi nyumbani kwetu chumvi imekwisha, na wenzake wakajifanya wanatazama ndoo zao. Clavery naye hanipi nafasi.

“Umemfanyia nini baba?”

“Sijamfanyia kitu.”

“Mtu mzima haachi kula kwa sababu ya kitu ambacho hakipo, Georgina. Kaka Ildefons anakuja na meli kutoka Mwanza kwa Noeli, tutakaa kikao. Kama hutasema, utakwenda kwenu mpaka utakapokumbuka.”

Shangazi, nikisema ukweli namvua nguo balozi mbele ya wanawe, na mimi mwenyewe nitaitwa mla senene wa hotelini aliyekula meza moja na baba mkwe. Nikinyamaza naondoka, na mume wangu nampenda. Nifanye nini? Nijibu hapahapa gazetini bila wasiwasi, Clavery husoma ukurasa wa mpira tu.

Ni mimi Georgina,
Nshamba.

*

Georgina,

Nimecheka. Ulinikataza, lakini ulipopiga magoti na mdomo umejaa nilishindwa, mpaka wapiga chapa wakaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza, tukae chini tuzungumze. Majina yote nimeyabadilisha, na watu wa Nshamba wasianze kukagua mabalozi wao, pengine hata si Nshamba.

Kwanza nikugombeze, maana umejitafutia. Una mama Rwamishenye anayekungoja, nawe unampitia mwisho, ukiwa umeshiba na kunuka iliki. Hiyo si heshima. Kuipenda Bukoba hakuna ubaya, mimi mwenyewe nikikaa muda mrefu bila kuliona ziwa nakuwa mkali hata kwa kuku. Ubaya wako ni kumdanganya mumeo kwa ajili ya chai na maandazi. Hujamwambia hata siku moja, “Clavery, twende wote nikuonyeshe tulipokuwa tunangojea ndege.” Umeamua peke yako kwamba atakataa. Mtu unayesema unampenda ungempa angalau nafasi ya kukataa mwenyewe.

Kuhusu senene sikulaumu hata kidogo. Nilianza kuwala nikiwa shule ya masista, tulikuwa tunawakaanga kwenye mfuniko wa sufuria zamu ikiwa yetu jikoni, na mpaka leo sijaota ndevu kama tulivyotishwa. Wanaume wanaotuhubiria usawa kwenye mikutano waanze na kikaango. Na mzee wako pia nina neno naye, atanisamehe kwa ukubwa wake. Kuwaita wenzio kupe, kesho yake ukasafiri kutwa kufuata pilau, huko ni kujitafutia aibu. Kama kula mjini ni dhambi basi tupo wengi kwenye foleni ya maungamo, naye asimame pamoja nasi.

Hayo madogo nimeyamaliza. Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo uliponiudhi. Umeniandikia ndege, umeniandikia mitumbwi, chumvi ya mke wa Rugaibula umeiandika, halafu maneno ya Bi Mastura ukayapita mbio ukasema hilo si jambo lako. Ndilo jambo lako, Georgina, na hakuna jingine. Mzee aliingia mahali alipozoea kuja na mke wake. Akakaa upande wake. Alipoinua macho akakuta mwanamke wa nyumbani kwake amekaa mahali pa Ephrasia, amejifunika kama Ephrasia, anakula kwa kujificha kile alichokuwa anakula Ephrasia. Wewe unaniambia midomo ilitetemeka kwa hasira. Umeona wapi balozi mwenye hasira akanyamaza wiki nzima, achilia mbali mwezi? Angetaka uondoke angemwambia Clavery neno moja tu, na usingekuwapo hapo kuniandikia. Wanawe wanamuuliza, majirani wananong'ona, naye anasema ameshiba. Anakusitiri, na wewe unamwogopa.

Mzee ana msiba, binti yangu, na hana pa kuupeleka. Kijiji kizima kinamjua marehemu kuwa mwanamke wa desturi, asiyegusa senene. Atamlilia mbele ya nani kwa jambo walilolifanya wawili kwa siri, akimshikia pazia? Kanisani hawezi kulisema. Kwa wanawe ndiyo kabisa. Alikuwa anakwenda kulikumbuka kwa Bi Mastura, na sasa hata huko anaona hawezi kurudi kwa sababu atakukuta wewe.

Utafanya hivi. Leo hii Clavery akitoka shambani mwambie yako yote: ziwa, chai, senene, pazia. Yako tu. Habari za baba yake usiziguse hata kwa ukucha, hizo si zako kuzitoa, na akikuuliza sana mwambie jambo lililobaki ni la mzee na atalisema mwenyewe akipenda. Atanuna, mwache anune, akimaliza atataka kujua senene wa Bi Mastura wana nini kuliko wa nyumbani.

Kesho asubuhi mzee akiwa nje peke yake, nenda ukapige magoti vizuri, safari hii mdomo ukiwa mtupu. Usitaje mgahawa. Usiombe radhi, kwa sababu utamlazimisha kujifanya hajui unaomba radhi ya nini. Mwambie, “Tata, mama sikumkuta. Naomba uniambie alikuwa mtu wa namna gani.” Kisha nyamaza. Ataangalia migomba yake, mwache aiangalie, wewe usiondoke. Akianza kusema, usimkatize na habari za Rwamishenye yako. Nimekujua kwa barua moja tu na nimeshaona ulivyo.

Kuhusu kikao usipoteze usingizi. Ildefons akishuka melini akakuta baba yake anakula, kikao kitakuwa cha kugawana nyama ya Noeli.

Na jioni ya siku hiyo, kama senene bado wapo, kaanga wengi. Mpelekee mzee wake, funika na jani, toka, afunge mlango wake kama anavyopenda, mwiko wenu ubaki mahali pake. Halafu rudi jikoni ukae, uweke sahani yako magotini, mlango wa jikoni uuache wazi, ule. Usijibanze wala usitafune kwa kuibia. Senene waliokauka vizuri wanasikika mpaka chumbani, na yule mzee amekula peke yake muda mrefu mno.

Shangazi Benigna