Kichwa cha Habari Nilichosoma Jumuiyani

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Jumuiya ilisali kwetu leo. Baada ya rozari Mama Eufrasia, mwenyekiti wetu, akanipa simu yake — Mwalimu Oliva, tusomee, miwani nimesahau. Maandishi makubwa mekundu: KITUNGUU SAUMU CHAMALIZA KISUKARI, WANASAYANSI WATHIBITISHA. Nikasoma kwa sauti ya darasani. Kufungua habari yenyewe, bando limekata. Basi! Vigelegele. Endagikot nzima tunalima vitunguu saumu! Baba, na kisukari chake, akacheka, kumbe dawa nalala nayo, magunia yamejaa chumbani kwangu.

Jumanne, 9 Septemba
Baba ananuka saumu mpaka uani. Anatafuna asubuhi na jioni. Nikamuuliza, sindano umechoma? Ndiyo, mama. Kesho mtihani wa darasa la saba, nina mambo mengi. Nikaamini.

Ijumaa, 12 Septemba
Baba hakuamka. Anahema haraka haraka, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Bajaji mpaka hospitali. Sukari imepanda hata mashine imeshindwa kutoa namba.
Nilirudi nyumbani kuchukua shuka. Nikachungulia chungu cha mchanga, tunamotunzia insulini isipate joto. Chupa haijaguswa tangu Jumamosi.
Silii. Nimekunja shuka, nimefunga mlango, nimesalimia majirani. Sijui kwa nini silii.

Jumamosi, 13 Septemba
Baba kafumbua macho. Daktari kamfokea, mzee, nani alikwambia uache sindano? Baba akanitazama. Hakuna mtu, akasema, nilichoka tu kuchomwachomwa.
Nikajifanya nanyoosha shuka lake. Mwalimu mzima!
Nimenunua bando, nimesoma mpaka chini. Aya ya mwisho kabisa: panya kumi na wawili. Kwa binadamu bado hawajajaribu. Nimeisoma mara tatu, sisikii chochote.

Saa tisa mchana. Mama Eufrasia kaja na kikombe cha saumu zimeshamenywa, anataka Baba apewe. Nikamwambia, mama, walijaribu kwa panya. Hakuelewa. Nikarudia. Akashika mdomo.
Mungu wangu, akasema, na Mzee Theodory je? Naye kaacha sindano tangu siku ile ya jumuiya. Jumatano kaenda Dirma kwa binti yake, kafurahi kweli, chupa kaiacha nyumbani. Kabeba saumu tu.
Kanipa namba. Napiga — haipatikani. Ya binti yake hana. Napiga tena. Baba kanyanyua kichwa kwenye mto, anauliza, mama, unampigia nani?