Upepo Uliotolewa Mara Mbili

Kambini,
20 Aprili 1975

Kwa dada yangu Tecla,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kabianga, na kwamba mvua haijawachelewea. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho hakijatulia.

Utasema nimekumbuka kuandika kwa sababu nina shida. Ni kweli.

Ndege tunayofundishiwa ni jeti ya kivita ya Waingereza, ya zamani, ina umri kama wangu. Lakini kabla hujaigusa lazima ufaulu kwenye kibanda. Kibanda ni chumba cha rubani kilichokatwa na kuwekwa sakafuni. Unaingia, wanakufunika, huoni chochote ila saa na dira. Unaendesha, na nje kuna kalamu inayotembea yenyewe juu ya ramani mezani kwa Luteni Kebaso, ikichora unakopita. Ukitoka unaonyeshwa mstari wako.

Njia ya mtihani ni kutoka hapa hadi Kericho, hapo karibu na nyumbani. Dakika kumi na sita tu. Nimejaribu mara mbili na mara mbili nimepotea. Humo ndani ni kimya sana, dada. Ninadhani niko juu ya chai yetu, kumbe kalamu imeshanipeleka kwingine. Luteni anasema nina haraka. Sina haraka.

Mara ya tatu ni tarehe 2 Juni, na ndiyo ya mwisho. Nikikosea, nafungasha narudi nyumbani.

Ndugu yako,
Kipkoech


Kabianga,
27 Aprili 1975

Kwa ndugu yangu Kipkoech,

Nimepokea salamu zako na mimi nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Ng'ombe mmoja amezaa, dume.

Tangu tumzike mama Agosti ni miezi minane. Umeandika barua mbili, pamoja na hii. Unasema ni dakika kumi na sita kutoka huko mpaka hapa. Basi umekuja mara mbili na hukushuka hata kunywa maziwa.

Sikufichi kitu. Niliposoma kwamba ukifeli utarudi, sikusikitika. Niko peke yangu na mashina elfu moja mia nane na arobaini ya chai, niliyoyapanda kwa mikono hii wewe ukiwa sekondari, na namba ya mkulima kwenye kituo cha kununulia chai ina jina lako kwa sababu wewe ndiwe mwanamume. Jioni naongea na ng'ombe. Watu wanasema Tecla ana ulimi mkali. Ulimi usiotumika lazima ukatafute kazi mahali.

Juzi nilimsahihishia Kiplangat, karani wa kituo, hesabu zake pale mzanini mbele ya watu. Akasema, "Tecla, wewe ungesoma ungekuwa karani." Nikamwambia, "Ningekuwa karani wewe ungekuwa unachuma." Walicheka mpaka akafunga daftari.

Hiyo mistari ya kalamu, nitumie niione. Na uniandikie upepo ulikuwa kiasi gani kila siku. Mtu hapotei bila namba.

Dada yako,
Tecla


Kambini,
4 Mei 1975

Kwa dada yangu,

Salamu nyingi. Pole kwa goti, na hongera kwa ndama. Maneno yako yameniingia.

Nimeweka humu karatasi tatu, mbili za mtihani na moja ya mazoezi. Zote ni za kutoka hapa hadi Kericho, kuelekea magharibi, dakika kumi na sita. Upepo wao wa kuigiza unatoka kusini kila mara. Karatasi ya kwanza, upepo maili thelathini na tano kwa saa: nilikosa Kericho kwa maili tisa, nikaangukia kusini. Ya pili, upepo ishirini: nilikosa kwa maili tano, kusini tena. Ya tatu ni siku ya mazoezi, hakukuwa na upepo. Siku hiyo nilifika Kericho penyewe.

Upepo siusahau hata mara moja. Napewa karatasi yenye mwelekeo wa dira, napiga hesabu ya upepo kichwani, nageuza pua ya ndege kuelekea upepo unakotoka ili usinisukume. Ndivyo tulivyofundishwa.

Wewe ndiwe uliyenifundisha hesabu za kutoa kwa punje za mahindi kabla sijaanza shule. Kama unaona kitu, niandikie upesi. Nimebakiza wiki nne tu.

Ndugu yako,
Kipkoech


Kabianga,
14 Mei 1975

Kipkoech,

Salamu. Mimi ni mzima.

Upepo wa thelathini na tano kwa saa, kwa dakika kumi na sita, unasukuma kitu maili tisa na kidogo. Ulikosa kwa tisa. Upepo wa ishirini unasukuma maili tano na kidogo. Ulikosa kwa tano. Upepo sufuri, kosa sufuri. Hiyo si haraka wala si bahati mbaya.

Ungekuwa unausahau upepo wa kusini, ungesukumwa kaskazini. Wewe unaangukia kusini, kule kule upepo unakotoka. Maana yake unautoa mara mbili. Unautoa wewe, na kuna mtu mwingine ameshautoa kabla yako.

Ni kama Kiplangat. Mzani wake ameurudisha nyuma kilo mbili kwa ajili ya kikapu, halafu ukishapima anatoa tena kilo mbili za kikapu. Ukiangalia mara moja huoni. Ukiangalia siku tatu unaona.

Uliza ni nani anayeandika ile karatasi ya mwelekeo unayopewa, na kama upepo ameshauhesabu. Kama ameuhesabu, wewe usiuguse.

Dada yako,
Tecla


Kambini,
8 Juni 1975

Kwa dada yangu mpendwa Tecla,

Chamgei mising. Upo salama? Goti je?

Nimefaulu. Upepo ulikuwa arobaini na kalamu ilipita katikati ya Kericho. Luteni Kebaso aliitazama karatasi muda mrefu, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nina dada anayechuma chai. Akadhani namtania.

Ni karani wa ramani anayeandika mwelekeo, na upepo anakuwa ameshautoa. Nilipowauliza wenzangu walishangaa, walidhani najua. Waliambiwa Agosti, katika zile siku nne nilizokuja kumzika mama. Niliporudi hakuna aliyerudia.

Jumatatu ijayo napanda ndege yenyewe. Kisha, mwezi wa tisa, sita kati yetu tunapelekwa Uingereza miaka miwili, na jina langu limo.

Lakini kuna kitu nakuuliza. Barua yako imeandikwa tarehe 14 Mei. Muhuri wa posta ni wa tarehe 26. Ilinifikia Jumamosi tarehe 31, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Siku kumi na mbili ilikuwa wapi?

Ndugu yako,
Kipkoech


Kabianga,
22 Juni 1975

Kwa ndugu yangu Kipkoech,

Salamu zako nimepata. Hongera. Nimemwambia hata Kiplangat, na alinipa mkono, lakini kikapu amekitoa mara mbili kama kawaida.

Barua ilikuwa kwenye kopo la chumvi, juu ya rafu. Haikupotea na sikuwa mgonjwa. Karatasi zako zilifika tarehe 13, nikaona kosa siku hiyohiyo kabla maji ya chai hayajachemka. Kesho yake nikaandika. Kisha nikaiweka pale.

Nilijua ikichelewa utarudi, na hakuna atakayejua. Nikaanza kukutengenezea chumba cha mama. Nilikanda udongo, nikakandika kuta zote nne, nikapaka chokaa. Nilifanya kazi nikiimba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu. Siku ya kumi na moja nikaingiza kitanda na kiti, nikakaa kwenye kiti hicho nione utakavyokuwa ukiona.

Ndipo nikakuona umekaa hapo. Miaka thelathini, arobaini, ukidhani hesabu zilikushinda. Na mimi nikipita mlangoni kila asubuhi na kikapu mgongoni, nikijua hazikukushinda. Ningekuwa na mtu wa kuongea naye, na kila siku kungekuwa na kitu kimoja siwezi kumwambia.

Asubuhi nikaipeleka Kericho kwa miguu, maana gari la maziwa lilikuwa limeharibika. Njia nzima nilikuwa nikikokotoa kama itakuwahi. Kwa hesabu yangu ilikuwa ifike siku moja baada ya mtihani. Nilikosea kwa siku tatu, na sijawahi kufurahia kukosea.

Ukiwa na hasira, ninaistahili. Ila usiniadhibu kwa kunyamaza, kwa sababu kimya ninacho cha kutosha.

Mwezi wa tisa uko mbali kidogo. Njoo kabla hujaondoka, na uje kwa basi, ushuke. Chumba kimekauka vizuri. Mlango unanata mvua ikinyesha; usibishe hodi sana, usukume kwa bega.

Dada yako,
Tecla