Kikombe Ulichonirudishia

Mama,

Nimeifanya ile safari yako. Ile uliyoipanga kule kambini Ngara kila mgao ulipochelewa, umekalia ndoo iliyopinduliwa, macho umeyafumba: "Siku moja tu, Odeta. Asubuhi maziwa Gitega, mchana ndizi Karuzi, jioni asali Muyinga." Mimi nilikuwa nakucheka, nawaambia wenzangu kwamba mama yangu anakula hewa. Jana nimekula hewa hiyo kutwa nzima, na mpaka sasa sijapata usingizi mzuri kwa mshangao.

Nakuandikia kutoka Makebuko, kwenye shamba la babu. Ndiyo, sisi wakimbizi tulirudi Burundi. Nyumba ni ya matofali, bati tulipewa, maharage yanakubali. Majirani bado wanakicheka Kirundi changu, wanasema nakiongea kama mgeni aliyefundishwa na redio. Kila wiki napeleka mayai mjini Gitega kwa mama mmoja Mwislamu, Mama Shabani, mwoka mikate. Mikate yake ya asali inanukia hadi barabarani. Ndiye niliyemsimulia siku yako, naye akapigapiga mikono kuondoa unga, akasema: "Bon, mi naenda Muyinga kufata asali. Tuende wote. Huyo mama yako alikuwa anajua kukula!"

Tulianza kwenye duka la maziwa. Mama, kuna duka linalouza maziwa tu! Nilisimama mlangoni, nimeshindwa hata kuamkia. Yaliyochemshwa upande huu, ya mgando upande ule, na nyuma ya meza dada mmoja anayejua ng'ombe wa kila mtu aliyemletea asubuhi hiyo. Ulisema yana harufu ya moshi, nami nikadhani ni mambo yako. Yana harufu ya moshi, Mama. Dada alinieleza kwamba mama yake bado anafukiza vibuyu kabla ya kukamua. Nilikunywa vikombe viwili, Mama Shabani akanichomolea andazi kutoka mkobani mwake, nikala nimesimama hapohapo.

Unajua kilichonishangaza ni nini hasa? Kambini chakula kilitoka kwenye gunia, gunia likatoka kwenye lori, basi. Hatukujua nani alilima wala nani alisaga. Jana kila nilichoweka mdomoni kilikuwa na mtu wake, amesimama mbele yangu, ananitazama usoni aone kama nimependa. Sikuwahi kutazamwa hivyo na aliyenipa chakula, isipokuwa na wewe.

Karuzi tulikula kwenye kibanda cha mzee mmoja na mkewe, ndizi zilizopikwa na maharage na mawese mekundu, na dagaa juu yake. Hapo nimekukamata. Ulisema dagaa wa nyumbani ni wakubwa kama kidole. Kidole cha nani? Nilicheka peke yangu, yule mzee akadhani chakula kina kasoro, ikabidi nimweleze habari zako zote. Akaniongezea kijiko.

Muyinga tulifika jua likiwa bado kali. Muuza asali alikuwa na mizinga yake nyuma ya nyumba, na asali nyeusi kwenye debe. Kabla ya kutupa, alichovya kijiti akalamba yeye kwanza, akatulia, kisha akachukua kijiti kingine akatupa sisi. Nilimwona, sikuwaza kitu. Asali yenyewe ilinichoma koo kwa utamu, nikaona aibu kwa machozi niliyotoa mbele ya watu wasionijua.

Halafu Mama Shabani akanipeleka kwa bibi anayekamua juisi ya ndizi. Laiti ungemwona. Amepiga magoti mbele ya kihori kikubwa cha mti, anakanda ndizi mbivu pamoja na nyasi. Nyasi, Mama! Anakanda, anakanda, ni rojo tu, na mimi nasema moyoni hapa hakuna juisi, huyu bibi anajichosha. Mara mikono yake ikaanza kung'aa, na kitu cheupe chenye povu kikajitenga kikatiririka chini. Nimelima ndizi miaka yote hii bila kujua kwamba nyasi zinaweza kufanya hivyo. Niliuliza maswali mengi hadi bibi akabaki kutabasamu.

Alijaza kibuyu, akanywa funda moja, ndipo akanikabidhi pamoja na kikombe. Moyoni nikasema, haya, hata huyu. Wewe unakumbuka nilivyolichukia hilo jambo. Wahudumu wa afya walitufundisha kila mtu na kikombe chake, na wewe hukuacha kuonja uji wangu, chai yangu, hata maji yangu, kabla ya kunipa. Nilikuita mlafi mbele ya rafiki zangu. Nilikuwa nafuta mdomo wa kikombe kwa ncha ya sketi, wewe ukiniona, ndipo ninywe.

Nikammiminia Mama Shabani, kwa heshima, mikono miwili. Hakupokea. Aliweka kiganja chake kwenye kikombe, akakisukuma kurudi kifuani kwangu.

Mama, nilikikodolea macho kile kiganja.

Alinitazama akaona nimebadilika rangi, lakini yeye alidhani ni aibu tu, akanicheka: "Mais Odeta, nani alikulea we? Anayetoa njo anaonja kwanza. Kama iko mubaya, imukamate yeye mbele. Onja, njo mi nikunywe." Na yule bibi, mikono ndani ya kihori, akatikisa kichwa kukubali, kama ni jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua.

Nilionja. Sijui nilionja nini. Nilimpa, akanywa yote, nami nikaenda nyuma ya mgomba nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Maana asubuhi ile ya mwisho, kule kwenye zahanati ya kambi, nilikuletea uji kwenye kile kikombe cha bluu. Nilikuwa nimeupika mwenyewe, sukari niliiomba kwa jirani. Nilikiweka mdomoni mwako. Na wewe uliweka kiganja chako, hivihivi, ukakisukuma kwangu. Nikajaribu tena, ukasukuma tena. Nilikuwa nimechoka, Mama, nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuambia kwa ukali, "Basi kama hutaki changu, acha." Nikaenda kumwaga. Niliporudi kutoka bombani na kikombe kimeoshwa, ulikuwa umeshaondoka.

Miaka yote hii nimeamini kwamba ulikufa umeukataa uji wangu. Sijamwambia mtu. Nimepika harusini, nimepika msibani, watu wanasifu, na mimi nausikia mkono wako ukinirudisha nyuma. Ndiyo sababu nilichelewa kuifanya safari yako.

Labda nakosea. Labda hukuwa tena na nguvu za kumeza, au ulitaka tu mimi nile. Lakini mkono ule haukusukuma pembeni. Ulisukuma kuelekea mdomo wangu, mara mbili, na macho yako yalikuwa yananingoja. Hukuwa umenikataa. Ulikuwa unaningoja nionje, ili nawe unywe kutoka kwangu jinsi nilivyokunywa kutoka kwako maisha yangu yote. Na mimi nilikuwa sijui. Hukuwahi kunieleza, ulikuwa unafanya tu.

Tulipopanda gari kurudi, Mama Shabani akiwa amepakata debe la asali, aliniuliza kwa nini macho mekundu. Nilimweleza yote. Tulipofika Karuzi akasema tu, "Pole, mwanangu. Alikulea vizuri huyo."

Mama, pale Muyinga barabara haiishi. Inaendelea hadi mpakani, na kutoka mpakani hadi Ngara si mbali. Maharage yakishavunwa nitapita kwa yule bibi, nitabeba kibuyu chake, nitavuka nije kaburini kwako. Kikombe cha bluu ninacho, kimepauka ila hakivuji. Nitakaa chini karibu nawe nimimine. Nitaonja mimi kwanza, mbele yako, taratibu, na nitakupa bila kufuta mdomo wa kikombe.

Lala, Mama. Ningoje kidogo tu.

Mwanao,
Odeta